Gogo la Kwanza

Kabasinguzi, leta kalenda mezani, sogeza kikombe.
Msimu unafunguka Juni, mvua ikishapungua.
Tuna viwanja vinne, nawe una miezi minane juu ya tandiko,
na farasi mmoja, Muhogo, miaka kumi na saba,
mwenye maoni yake kuhusu maji.

Tuanze na kufuta.
Wengine hupanga kwa kuongeza. Mimi kambini nilifundishwa
safari hupangwa kwa vile unavyoviacha.

Kile cha Kyenjojo, katikati ya chai: futa.
Najua kinapendeza, kijani kilichochanwa kwa kitana,
lakini viunzi vyake vinakukuta ukiteremka,
na farasi anayeteremka hufikiri kwa mabega.
Atakuvuta mikono, utamwinamia shingoni,
na gogo la nne halina huruma kwa aliyeinama.

Cha Mbarara: subiri. Uliza kwanza ng'ombe watakuwa wapi.
Mwaka juzi niliitembea njia yote kwa miguu
na fimbo hii, yenye alama ya kisu kwenye sentimita sabini,
na kila kiunzi kilibaki chini ya alama, kwa adabu.
Kumbe siku yenyewe jirani kafungua zizi.
Pembe zile! Muhogo aliziona akasimama,
akazihesabu, nadhani, zote.

Fimbo haipimi kila kitu. Liandike hilo pembeni.
Haipimi kivuli cha mkaratusi
kinacholala juu ya mtaro saa nne asubuhi,
wala spika ya kanisa ng'ambo ya ua,
wala ile nafasi ndefu kati ya kiunzi na kiunzi
ambamo mwanafunzi hupata muda wa kupumua,
na muda wa kuogopa.

Sasa Jinja. Usinitazame hivyo.
Najua shangazi yako yuko Walukuba, atakuja na mwavuli,
na binamu, na gonja za kuchoma kwenye gazeti.
Najua umeshawaambia watu.
Na ni kweli, vipimo vyake ni vidogo kuliko vyote.
Ardhi tambarare, nyasi fupi,
mtaro una njia ya kando kwa asiyeutaka.
Mwalimu yeyote angesema: anzia huko.

Mimi nilikifuta jana usiku, kwa wino.

Ni kile kidimbwi. Maji ya kifundo cha mguu,
bata hukivuka akitembea.
Miaka kumi na moja iliyopita nilikifikia juu ya jike mweusi,
akaona mbingu mle ndani, akakataa kukanyaga mbingu.
Mimi sikukataa. Niliendelea peke yangu.
Bega hili, tangu siku ile,
hujua mvua inakuja kabla ya redio.

Nikakaa na kalenda mpaka taa ya sola ikafifia,
nikiutazama ule mstari wa wino,
nikauliza: Adriko, hapa umemfuta nani?
Wewe hukuanguka. Yule jike humjui hata jina.
Na Muhogo ana woga wake wa kumtosha,
hana haja ya kubeba na wangu.

Basi andika.
Juni, hapa hapa Fort Portal. Tutakwenda kwa miguu,
na lile gogo la kwanza
hata aliyejitwika mtungi hulivuka bila kumwaga.
Ukimaliza ukiwa umechoka kidogo na umechoshwa kidogo,
tumechagua vizuri.
Agosti, Jinja. Iandike juu ya wino wangu, kalamu itapita.
Njia tutaitembea mara tatu mimi na wewe,
na tukifika kidimbwini nitavua viatu
niingie kwanza. Usicheke.
Mbarara iwekee alama ya kuuliza.
Oktoba usiandike kitu.
Oktoba tutatazama masikio ya Muhogo
akisikia lori la farasi linawashwa.

Haya. Nirudishie kikombe,
chai imepoa, na yule mzee zizini anapiga mlango kwato:
saa yake ya nyasi imepita
tukiwa tunamtafutia pa kurukia.